Kifuniko cha Kaburi la Balzia

Esenkul hakumwamini mtu aliyecheka kabla ya kunywa chai, wala aliyenyamaza baada ya kuinywa. Pale Karakuduk, kijiji kilicho nyikani chini ya milima ya Ulutau, walimtania kwamba hata farasi wake humfunga kwa kamba mbili: moja ya kumzuia asiende, nyingine ya kuilinda ile ya kwanza.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa katika hema la sufu, kwa baba mwenye mifugo. Wakaja watu na karatasi wakaiondoa mifugo yote, kisha ikaja njaa ikaimaliza nyumba ile, ikambakiza yeye. Akalelewa na huyu na yule. Akapelekwa vitani, akarudi na kidole pungufu na Kirusi cha kuombea maji na kulaania. Tangu hapo kazi yake ikawa kuchunga kondoo wa shamba la serikali. Waliomwahidi kitu maishani walikuwa wengi. Aliyemletea alikuwa Balzia peke yake.

Balzia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kitu alichokichukia duniani kilikuwa kimoja, kuvujiwa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na paa la matete. Theluji ilipoyeyuka juu, ilishukia ndani. Balzia alitega mabakuli sakafuni, akawa anayaruka akienda jikoni.

"Utaniezekea lini, wewe mwanamume?"

"Mabati yakija."

Mabati yalikuja. Yakaezekwa ofisi ya shamba, na yaliyosalia yakaenda kwenye zizi la kondoo dume.

"Basi nihamishie kwa hao madume," akasema Balzia. "Angalau wao wana paa."

Akafa wakati wa baridi kali, ardhi imeganda, mpaka wachimbaji wakawasha samadi kavu juu yake kuilainisha. Majira ya kuchipua yalipoingia Esenkul akafyatua matofali ya udongo, akamjengea juu ya kaburi kijumba chenye kuba, kama wanavyojengewa wafu wa huko. Mvua ikalila kuba. Akalijenga upya. Ikalila tena. Aliingia akakuta maji yamesimama palepale alipolala mkewe. Akarudi nyumbani, chakula akakisukuma kando.

Sasa, upande wa kusini-magharibi wa nyika hiyo palikuwa na mahali pa kurushia roketi. Watu wa Karakuduk hawakuambiwa na mtu, lakini mikia ya roketi iliangukia malisho yao, kwa hiyo walijua. Siku za kurusha, Tursunbek, msimamizi wa shamba, alipigiwa simu, naye akazunguka juu ya farasi akipiga kelele: "Tokeni ndani! Kaeni uwanjani!" Watu wakatoka na birika zao. Kitu kikanguruma, kikaanguka mbali. Baada ya hapo ikawa mbio: atakayewahi na ngamia ndiye mwenye chuma. Mahori ya kunyweshea kondoo, sileji za kuburuta thelujini, mifereji ya maji, vyote vilitoka juu. Kaisha, mjane wa kaka yake Esenkul, alikuwa na banda la kuku lenye mlango wa roketi, akijisifu kwamba kuku wake wanatagia mbinguni.

Kilichoanguka majira yale kilikuwa kingine. Esenkul alikuwa na kondoo karibu na bonde la chumvi. Aliuona moshi ukipanda vizuri, halafu ukakatika vipande viwili, kama mtu aliyeghairi safari mlangoni. Jioni alikwenda kule vilikodondokea. Vingi vilikuwa vimeungua. Lakini katikati ya majani machungu palikuwa na nusu ya mpira wa chuma, imelala chali, kubwa kama sufuria ya harusi, nene, na ukingo wake umechongwa vizuri.

Akaifuta vumbi. Akachukua kiriba chake cha ngozi, akamimina maji yote ndani yake. Akangoja. Kisha akaingiza mkono chini, akapapasa huku na huku.

Pakavu.

Akakaa chini hapohapo, kondoo wakatawanyika.

Ngamia ndiye aliyeibeba. Esenkul aliifunika juu ya kijumba cha Balzia, ikakaa kana kwamba ilipimiwa pale. Akaipaka udongo uliokandwa kwa nyasi na manyoya ya farasi, isije ikamemeta. Mvua ilipopiga, alikwenda kesho yake akainama mlangoni. Ndani vumbi lilikuwa kavu.

"Hakuvuji tena," akamwambia mkewe, akaenda zake malishoni.

Wiki kadhaa baadaye ikaja helikopta. Akashuka ofisa mwenye viatu safi. Tursunbek akawakusanya watu mbele ya ofisi, akawa anatafsiri.

"Anauliza, kuna aliyeona kitu kilichoanguka?"

"Kitu gani?" akauliza Kaisha.

"Chochote."

"Kwani kimeanguka nini?"

Tursunbek akauliza, akajibiwa. "Anasema hakuna kilichoanguka."

"Loo! Mwulize basi, mbona kaja na ndege kukitafuta?"

Watu wakacheka. Tursunbek hilo hakulitafsiri.

Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Wakachukua mahori, wakachukua sileji, wakaung'oa mlango wa banda la kuku, Kaisha akiwafuata nyuma na matusi ya Kikazakhi ambayo hawakuyaelewa. Makaburini hawakuingia. Ofisa akasimama tena mbele ya watu, akachora mviringo hewani.

"Anasema kuna nusu ya mpira, hivi," Tursunbek akatafsiri. "Atakayeionyesha atapewa mabati ya kuezekea nyumba yake."

Esenkul akangoja wamtazame. Hakuna aliyemtazama. Mmoja aliangalia viatu vyake, mwingine akaangalia mawingu, Tursunbek akaifuta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. Hapo ndipo alipojua kwamba wanajua. Kijiji kizima kukosa kukutazama kwa mara moja si jambo linalotokea lenyewe.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Mabati! Nani pale asiyevujiwa? Tursunbek alimsalimia kwa mikono miwili: kwa nini miwili? Mwalimu wa shule akamuuliza hali ya afya: anataka afe? Akahamisha kondoo wake kwenye mteremko unaotazamana na makaburi, mahali palipokwisha kuliwa nyasi, wakawa wanalamba vumbi na kumkodolea macho.

Siku moja akamwona Kaisha akishika njia ya makaburini, akamwahi na farasi.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu. Au sasa naomba ruhusa?"

"Juzi ulikwenda."

"Juzi nilimkuta amelala."

"Na ukifika unaangalia nini?"

"Naangalia la kaka yako lilivyobomoka, na la mkeo lilivyonawiri. Mtu angedhani umemposa upya."

"Kaisha."

"Abee."

"Nani mwingine anasema hivyo?"

"Mimi nimewahi kusema nini? Mimi ni mwanamke mwenye kuku wasio na mlango." Akacheka, akaendelea na njia yake. Esenkul akamfuata nyuma kwa mbali mpaka alipomaliza kusoma dua na kurudi, naye Kaisha akijua anafuatwa akatembea polepole kwa makusudi, akisimama kila kichaka kufunga kiatu.

Nyumbani kwa Esenkul palikuwa na mtu mmoja ambaye hakumshuku. Alikuwa Marzhan, mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa dereva wa trekta, amepelekwa mashamba ya mbali mpaka mavuno. Marzhan alibaki na mtoto wao mchanga, Zauresh, na mkwe wake. Kwa desturi yao, mke wa mwana halitaji jina la mkwe wake, wa kiume wala wa kike, na kwa heshima hamsemeshi baba mkwe uso kwa uso. Akiwa na neno, humwambia mtoto, au birika, na mkwe husikia. Na kwa kuwa jina halitajwi, hujitungia la kwake. Esenkul, Marzhan alimwita Baba Kimya. Naye Balzia, alimwita Mama Siagi, kwa sababu asubuhi ya kwanza ya ubibi harusi wa Marzhan, akiwa na njaa na aibu ya kula mbele ya wakwe, Balzia alimvutia nyuma ya jiko akambandika donge la siagi mdomoni kwa kidole gumba. Majina hayo hayakutoka nje ya nyumba. Ni kama nguo za ndani.

Mwezi wa Mei, lori la maji likamshusha mgeni. Mtu mwembamba, ana miwani na kisanduku kidogo. Mtatari. Hakuuliza ofisi iko wapi. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Esenkul, akatoa salamu, ndefu, kamili, kama mtu aliyelelewa na bibi yake.

Mgeni haulizwi anatafuta nini kabla hajala. Esenkul akachinja mwanakondoo, jicho moja kwenye kisu na jingine kwa mgeni. Nyama ikaiva. Mgeni akawekewa kichwa, kama ilivyo heshima. Akakikata vizuri, akalitoa sikio akampa mtoto, ndivyo inavyotakiwa.

Amefundishwa, Esenkul akawaza. Nani kamfundisha? Mrusi wangemtuma, tungemtambua. Sasa wametuma Mwislamu.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Farit, mzee."

"Kazi?"

"Nafunga vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vya chuma, visipitishe hewa."

Marzhan aliyekuwa akimimina chai akaimwaga kidogo. Esenkul akaliona hilo.

Mgeni akaosha mikono. Akasema, "Mzee, nimesikia nyumba hii ilipata msiba wakati wa baridi. Sikuwahi kufika kutoa pole. Nipeleke nikamsomee."

Mtego umewekwa, na umewekwa na mtu ajuaye desturi. Unaweza kumkatalia mgeni farasi, unaweza kumkatalia hata kitanda ukazua sababu. Lakini aliyekuja kumsomea maiti wako humkatalii, na kijiji kizima kilikuwa tayari kimeshamwona.

"Twende," akasema.

Wakaenda, mawingu yakikusanyika upande wa milimani. Pale kaburini Farit akachutama, akasoma bila kukosea. Esenkul alikuwa akiyafuata macho yake. Macho yale yakapanda mara moja tu, mpaka mahali udongo ulipopasuka kwa jua na chuma kikachungulia, upana wa kidole. Yakarudi chini upesi.

Farit akainua viganja. "Ewe Mola, thawabu za haya tuliyosoma zimfikie marehemu huyu, Mama Siagi, na waliomtangulia."

Akajipangusa uso. Esenkul hakujipangusa. Viganja vyake vilibaki juu kama vimesahauliwa.

"Umesema nani?"

"Marehemu, mzee."

"Jina. Ulilolitaja."

"Mama Siagi. Silo jina lake?"

"Jina lake Balzia."

Farit akavua miwani, akaishika mkononi. "Basi nimekosea. Nisamehe."

"Hukukosea," akasema Esenkul. Chini ya mbingu alibaki mtu mmoja tu aliyemwita Balzia jina hilo, na alikuwa nyumbani akiosha vikombe. Alikuwa ameshuku kijiji kizima, mpaka mwalimu, mpaka shemeji yake, na usaliti ulikuwa ukimmiminia chai.

Akakaa kwenye kizingiti cha kijumba.

"Umekiona."

"Nimekiona."

"Helikopta utaiita lini?"

"Sijatumwa, mzee. Niko likizo."

"Kila aliyetumwa husema hivyo."

"Na asiyetumwa aseme nini?"

"Sema basi," akasema Esenkul. "Hiki kilikuwa kiende wapi?"

"Kwenye Zuhura."

"Ile inayotoka alfajiri?"

"Hiyohiyo."

"Kufuata nini?"

"Kuangalia kuna nini huko."

"Kuna nini?"

"Hatujui. Hatujafika hata mara moja." Farit akachutama tena, akawa anachora mchangani kwa kijiti. "Moja ilikwenda vizuri, ikanyamaza katikati ya njia. Zingine zilibaki zinaizunguka dunia, redio ikazipa jina jingine, kana kwamba ndiko tulikozituma. Hii ikaanguka hapa kwenu. Dada yake akaondoka salama wiki chache baadaye, tukashangilia. Halafu naye akaanza kuvuja."

"Kuvuja?"

"Hewa ya ndani inatoka, kidogokidogo. Ikiisha, vyombo vinakufa."

Kwa mara ya kwanza Esenkul akamtazama kama mtu anavyomtazama mtu.

"Kumbe hata huko juu mnavujiwa."

"Hata huko, mzee. Na mimi ndiye mfungaji. Nusu mbili zinakuwa mpira mikononi mwangu. Nilifunga ile, nilifunga na hii. Sasa wanasema mkono wangu ndio unaovuja, nimeondolewa kazini mpaka waamue. Ile iko mbali, hakuna wa kwenda kuitazama. Hii ndiyo pekee iliyorudi. Nikiona ukingo wake nitajua. Kama kosa ni langu, nikae pembeni. Kama si langu, basi panavuja mahali pengine, na hawapatafuti, maana wameshanipata mimi. Nyingine zinaondoka mwakani."

"Kwa hiyo unakitaka."

"Nilikuja nikikitaka. Niliambiwa tu nije nimsomee Mama Siagi, nitakiona. Sikuambiwa kinamfunika." Akasimama, akakung'uta suruali. "Kifuniko cha kaburi sikiombi, mzee. Siwezi."

Hapo Esenkul akazidi kuingiwa na wasiwasi. Mwizi anajulikana, mwombaji anajulikana. Lakini mtu anayekitaka kitu, amekiona, na hakiombi, huyo unamfanyaje?

Mvua ikawakuta njiani. Walipofika, paa lilikuwa limeshaanza kazi yake. Marzhan alikuwa ametega mabakuli, yaleyale ya Balzia, mahali palepale alipokuwa akiyatega Balzia. Matone yakawa yanalia, hili sauti nene, lile nyembamba. Zauresh alikuwa mgongoni mwa mama yake, akikohoa.

Esenkul akakaa. Akausemesha ukuta.

"Kuna mtu humu ndani amelitoa nje jina lisilotoka nje."

Farit, karibu na jiko, akainamia kikombe chake.

Marzhan akamshusha mtoto, akamweka magotini, akamtazama usoni. "Zauresh, mwambie babu yako, ni mama yako."

Tone. Tone.

"Mwulize mama yako," Esenkul akamwambia mtoto, "kwa nini."

"Mwambie babu, huyu mgeni alishuka kituo cha reli akaulizia chuma kile kijiji baada ya kijiji, watu wanamcheka. Dereva wa maji akanihadithia. Nikasema, afadhali aje mtu mmoja mwenye adabu kuliko kuja wale wenye viatu. Jina lake babu yako siwezi kulitaja kwa mtu, na la bibi yako siwezi. Nikampa dereva niliyonayo, ya humu ndani."

"Hilo si kwa nini. Mwambie aseme kwa nini."

"Mabati," akasema Marzhan.

Alimpangusa mtoto pua.

"Mwambie bibi yako alilitega bakuli hili hapa miaka yote, na mimi nalitega hapahapa. Yeye sasa yuko pakavu. Wewe ndiye unayekohoa." "Na umwulize babu hivi: Mama Siagi angekuwa hai, akaletewa chuma kile mlangoni, angekiweka juu ya nani?"

Zauresh akashika ndevu za babu yake. Esenkul akazitoa ndevu zake taratibu katika vidole vile, akachukua kofia, akatoka mvuani.

Alikwenda kwa Balzia. Aliingia ndani ya kijumba, akakaa na kichwa chake karibu kinagusa chuma. Juu mvua ilipiga kama kwato. Chini palikuwa pakavu, hata unyayo wake aliouacha wiki iliyopita ulikuwapo. Akakaa hapo hadi mvua ilipokatika. Alichomwambia hakuna aliyekisikia, na huenda hakumwambia kitu.

Asubuhi akamgusa Farit kwa fimbo. "Njoo na mikono yako hiyo inayovuja."

Wakaubandua udongo. Wakaishusha nusu ile ya mpira, wakaigeuza chali juu ya majani. Farit akapiga magoti, akaufuta ukingo kwa shati lake, akapitisha kidole pole pole mpaka akauzunguka wote. Akarudia. Mara ya tatu akafumba macho.

"Ukingo umeshika," akasema. "Hapa hakuna kilichopita, mzee. Umeshika."

"Umefurahi kwa sababu kosa si lako, au kwa sababu chuma umekipata?"

"Vyote viwili."

"Heri umesema," akasema Esenkul. Hilo alilipenda.

Lakini hakumwachia. Kilipopandishwa kwenye lori la maji, alipanda nacho, akakikalia. Safari nzima mpaka kituo cha reli alikikalia, vumbi limemjaa nyusi. Nyuma ya kituo palikuwa na nyumba isiyo na kibao mlangoni. Akatoka ofisa, si yule wa kwanza, huyu alikuwa mnene. Farit akaeleza. Ofisa akalizunguka lori, akatazama, akasema neno.

"Anasema tukishushe tuende zetu," akatafsiri Farit.

"Na mabati?"

Wakajibizana kwa muda mrefu. Farit akageuka. "Anasema hawezi kutoa mabati kwa ajili ya kitu ambacho hakikuanguka. Katika maandishi hakuna kilichoanguka."

"Ahaa." Esenkul akavuta koti lake, akakaa vizuri zaidi. "Mwulize basi, nimekalia nini?"

Hilo Farit alilitafsiri lote. Esenkul akatoa jibini kavu mfukoni, akaanza kulitafuna. Lilikuwa gumu, na yeye hakuwa na haraka. Askari wakatoka kuangalia. Mmoja akacheka, akakemewa. Jua likahama upande. Ofisa aliingia ndani, akatoka, akaingia tena, akapiga simu mahali, na mwishowe mabati yakaletwa kutoka ghalani, si ya nyumba nzima, ya nusu.

Esenkul akainua bati moja moja kulitazamisha jua. Moja lilikuwa na tundu la msumari. Akalirudisha. Wakampa jingine. Hapo ndipo aliposhuka.

Farit akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Nitakuletea habari, mzee."

"Usiniahidi," akasema Esenkul. "Nenda tu kawaambie."

Akaezeka upande wa Marzhan na mtoto. Upande wake ulibaki na matete, na mabakuli yakahamia kwake. Kaisha alipita akaangalia juu.

"Shemeji, umeezeka nusu. Nusu nyingine unamwekea nani, mke mwingine?"

"Nakuwekea wewe. Ulete na kuku."

Kaisha akacheka mpaka akashika ukuta. Alikwenda kuwahadithia wote kwamba Esenkul ametania, na wote hawakumwamini.

Farit hakurudi. Baada ya baridi mbili kupita, Tursunbek alikuja mbio kutoka ofisini: redio imesema, chombo kimefika Zuhura, kitu cha kwanza cha binadamu kugusa sayari nyingine!

"Kimesema kuna nini huko?" akauliza Esenkul.

"Hakikusema. Kilinyamaza karibu na kufika."

"Kilivuja?"

"Redio haikutaja."

Esenkul akamtazama kuona kama anaficha neno. Akamwaza mtu yule wa miwani, kama walimrudisha kwenye kazi yake, kama waliitafuta sehemu nyingine au walipata mtu mwingine wa kumlaumu. Hakuwahi kujua. Kwa mazoea yake alishuku la pili.

Mvua za majira hayo zilikuwa kubwa. Ziliponyamaza akachukua sepetu kwenda kutazama kilichobaki cha kuba la udongo alilolirudishia mahali pa chuma. Kwa mbali akaona watu juu ya kaburi la mkewe. Akampiga farasi teke.

Alikuwa Marzhan, mikono imejaa udongo hadi viwikoni, Zauresh ameketi chini akila udongo, na Kaisha akipitisha matofali. Kuba lilikuwa limeshapanda nusu.

"Nani kawaambia mje hapa?" akauliza, bado hajashuka.

"Mvua," akasema Kaisha. "Imepita kwangu mapema."

Esenkul akawatazama mmoja mmoja. Akashuka. Akautazama udongo uliokuwa kwenye mikono ya mkwe wake, akauminya kwa vidole, ukachuruzika.

"Zauresh," akasema, "mwambie mama yako huu una maji mengi."

"Zauresh, mwambie babu yako alete nyasi, basi."

Akaenda kuleta nyasi.